Vidole vya Zamu ya Pili

Jumapili alasiri, mpiga ngoma wa bendi ya Zamu ya Pili, ambaye watu humwita Pipa, alikuwa akifuta vumbi kwenye spika kwa fulana yake kuukuu. Mwimbaji aliingia na gitaa begani, akatangaza kwamba mashine basi, kuanzia sasa watapiga magitaa. Pipa aliuliza kama ngoma zake bado zinahitajika. Alipoambiwa ndiyo, akaendelea kufuta.

Wa kukasirika alikuwa Nati, binamu wa mwimbaji. Nyimbo zao zote zilisimama juu ya mlio wa mashine ya kukata vifuniko vya makopo, mlio aliourekodi yeye mwenyewe kiwandani alipokuwa akifanya zamu ya pili. Wimbo wao uliovuma kuliko zote una mahali ambapo mlio unakatika, panakuwa kimya, kisha unaendelea. Mashabiki hupapenda hapo, huinua mikono juu na kupiga kelele. Ni hapo mashine ilipochukua vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa Nati. Msimamizi wa zamu aliizima, akamsogeza pembeni, akaiwasha tena, na kinasa sauti kilikuwa bado kinanasa. Baadaye alimwambia Nati kuwa ni yeye wa kwanza kuumia pale, kwa uzembe wake, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Nimechoka kuimba juu ya ajali yako," mwimbaji alisema. "Wewe ulikuwa mpiga gitaa kabla hujawa mtu wa kubonyeza vitufe."

"Nipige kwa vidole gani?"

Binamu akampa gitaa tu. Nati akalipakata ili yaishe. Alipozungusha mkono kwenye shingo ya gitaa, kidole cha kati kikaota, kirefu, chenye grisi ya miaka mingi chini ya ukucha. Kikafuata cha pete, chembamba, na pete yake ya fedha. Cha mwisho hakikuja. Havikuwa vyake, maana mtu hasahau vidole vyake. Pipa aliuliza kama waanze polepole au kasi ileile ya kawaida.

Vilipiga vizuri. Gitaa likiwekwa chini viliondoka, likichukuliwa vilirudi. Nati alichanganyikiwa, kama mtu aliyevaa viatu vya mgeni vikamkaa sawasawa. Alifurahi, akaona haya kufurahi, na usiku hakujua amshukuru nani.

Habari zilifika kiwandani. Mama mmoja aliyewahi kukalia kiti cha mashine ile kabla ya Nati alikuja mazoezini akaomba kukiona kidole chake mwenyewe cha pete. Alijaribu kuivua pete, ikakwama kwenye kifundo.

"Iache tu, mwanangu," alisema. "Kinga yake bado wameitundika nyuma ya mlango wa stoo?"

Nati aliuliza kinga gani. Mama akamweleza kwamba mashine ile ilikuja na chuma cha kuzuia mikono, kikaondolewa tangu enzi zake kwa sababu kinachelewesha kazi.

Nati hakumaliza mazoezi. Kiti kile sasa alikikalia mdogo wake wa kike. Alimsihi aache kazi, naye akamuuliza, "Nikiacha, kaka, tutakula nyimbo?" Nati akaenda kwa msimamizi, ambaye alikuwa shabiki mkubwa wa bendi na hakukosa onyesho hata moja. Msimamizi alimkaribisha chai, akasema suala la kinga ataliangalia, kisha akalalamika kwamba magitaa kila mtu anayo, zamani walikuwa na nguvu zaidi.

Wakati huohuo mwimbaji alitunga wimbo uliodai kidole cha mwisho. Nati alisema hana. "Kitakuja," binamu alisema kwa moyo safi, "vingine si vilikuja vyenyewe?" Nati akamwomba asirudie tena maneno hayo.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana, msimamizi akiwa mstari wa mbele. Katikati ya wimbo mpya kidole cha mwisho kikaota, kikiwa bado na joto. Kilikuwa na kovu lililopinda, la mlango ambao Nati aliubamiza utotoni bila kuangalia nyuma yake nani anafuata. Aliupiga wimbo hadi mwisho. Mpaka leo hajui kwa nini hakuacha, na swali hilo linamtesa kuliko mengine yote. Watu walishangilia.

Jumapili iliyofuata mdogo wake alikuja mazoezini na bandeji. Alikaa kwenye kreti, akasikiliza, akasema kidole chake kilicho mkononi mwa Nati kinachelewa kwenye kiitikio. Kisha akachukua gitaa la pili lililoegemea ukutani, na kwenye mkono wake kikaota kidole cha mwisho chenye doa jeusi ukuchani.

"Hicho changu," Nati alisema.

"Basi tumebadilishana, kaka. Usikibane sana hicho changu."

Tangu hapo wanapiga wote wawili. Kiti cha mashine kimepata binti mwingine, naye ameshaambiwa kuwa pale hajawahi kuumia mtu ila mzembe mmoja na dada yake. Kinga iko palepale nyuma ya mlango, na msimamizi huitundikia koti.

Wimbo wa zamani bado unaombwa, nao huupiga kwa magitaa. Wakifika pale pa kimya, ukumbi mzima huinua mikono, na mstari wa mbele msimamizi huinua yote miwili, vidole kumi.