Chara Yote Imejibu

Bosi wetu Harith alikuja Garsen na utafiti wake kwapani utadhani hirizi. Eti timu za kutengeneza programu zikisoma tu ripoti ambazo programu yenyewe inazituma, hufanya kazi nzuri sawa na zile zinazohangaika kuwatembelea watumiaji.

"Imepimwa, Asenath. Mamia ya miradi!"

"Miradi ya wapi, bosi?"

"Mabenki. Maduka ya mtandaoni. Huko ng'ambo."

Lo! Benki na Mto Tana wapi na wapi? Lakini mimi ni nani hata nipinge. Tukatengeneza programu ya kuwaonya watu mafuriko yakija, bila kukanyaga kijiji hata kimoja. Simu inalia mfululizo mpaka mwenyewe abonyeze "Nimepata", na kwenye skrini yetu kijiji chake kinageuka kijani.

Alhamisi mto ukavimba, tukatuma onyo. Chara, anakolima mama yangu, ikawa kijani yote kabla chai haijapoa. Harith akapiga makofi. Kipini, kule chini mto unakoingia baharini, ilibaki nyekundu, hakuna aliyejibu, basi akaamuru boti yetu ya pekee iende huko kuwahamisha watu.

Roho yangu ilikataa kutulia. Mama simu humshinda, kila mara humwita jirani. Iweje leo awe wa kwanza kujibu? Nikampigia.

Akapokea mwanamume. "Hapa kwa Gunga, mjini Minjila. Pa kuchaji simu."

"Mama mwenye simu yuko wapi?"

"Si yuko kwao Chara, dada. Sola yao iliharibika, sasa simu za kijiji zinaletwa kwangu na pikipiki. Na leo zimenitia wazimu! Zote zinalia kwa pamoja. Nimezibonyeza moja moja mpaka zikanyamaza."

Niliogopa, sijapata kuogopa vile. Nikaweka spika Harith asikie. Akaitazama ile kijani, akausukuma utafiti wake kando. Akampigia nahodha wa boti, akaambiwa wameshateremka na mkondo ni mkali, hawawezi kurudi juu leo.

Gunga bado alikuwa hewani. "Dada, simu ya mama imejaa chaji, lakini sina wa kumpelekea. Barabara ya Chara imekatwa na maji tangu adhuhuri, pikipiki hazipiti."

Kwenye skrini Chara bado ilikuwa kijani.

"Kwani, dada," akauliza, "zilikuwa zinataka kusema nini?"