Nilivyomtangaza Rokas

Mimi nina mdomo. Mama yangu alilijua hilo mapema, na wenzangu hapa Saudia wanalijua, ndiyo maana kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akitaka jambo lisambae anasema, "Mwambieni Velma." Huwa nacheka. Lakini mwaka huu mdomo huu karibu uniponze, tena umponze na mtu ambaye hajanikosea kitu. Acha niseme ilivyokuwa, na shukrani zangu nizitoe humo humo, kwa sababu bado sijazimaliza.

Nilikuwa nafanya kazi Riyadh kwa Rokas. Rokas ni Mzungu wa Lithuania, anacheza mpira wa kikapu, na klabu moja ya Riyadh ilikuwa imemwajiri. Ni mrefu, haki ya Mungu, akiingia jikoni anainama kwanza ndiyo asalimie. Mkewe ni madam Ieva, na mtoto wao Ula ana miaka miwili. Tulikaa Sulimaniyah, ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani.

Kabla yao nilikuwa kwa madam mwingine, na hayo siyasemi sana. Nililala stoo, simu nilipewa Ijumaa dakika kumi. Ieva alinikuta kliniki, nimempeleka mtoto wa yule madam, akaniuliza mbona mkono wangu umefungwa kitambaa cha kufutia vyombo. Nikamwambia ni mafuta ya kukaangia. Hakuuliza mara ya pili, alichukua namba yangu tu. Mwezi haukuisha, Rokas akaenda kuongea na yule bosi, ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ikahamia kwake, yeye akawa kafili wangu, mwajiri anayeshikilia karatasi zangu. Siku niliyoingia kwake alinipa pasipoti yangu mkononi akasema, "Hii ni yako, mimi nikae nayo ya nini?" Niliingia bafuni nikafungua maji ili wasinisikie nikilia.

Sasa, mwezi wa nne, simu ikapigwa kutoka Amerika. Timu moja ya NBA, kwenye mji wa baridi, inamtaka Rokas. Watu husahau kwamba anayemimina chai ana masikio, lakini Ieva hakusahau. Alinifuata jikoni akaniambia, "Velma, ni siri mpaka daktari wao apime goti lake na mkataba utiwe sahihi. Wakisikia imetoka nje wanaweza kubadilisha nia."

"Halas, madam," nikasema. "Mdomo umefungwa."

Na nilimaanisha, msinicheke.

Jioni hiyo nikamhoji Rokas kama tunavyomhoji mwenzetu anayehamia nyumba mpya. Sisi tuliopitia maofisi ya kazi Nairobi tunajua mambo: unaandikiwa mtoto mmoja, unafika unakuta saba na nyanya mgonjwa.

"Bosi, wamekwambia utafanya kazi gani?"

"Nitakaa benchi," akasema. "Yule mkubwa akichoka naingia dakika nane, labda kumi. Siku nyingine siingii kabisa."

"Ukiingia, unafunga?"

"Hapana. Nasimama njiani mwenzangu apite. Nagombania mpira uliokosa kikapu. Napigwa viwiko."

"Lakini hapa si wewe ndiye nyota?"

"Hapa, ndiyo."

"Na wakikuchoka?"

"Wananihamishia timu nyingine. Hawahitaji kuniuliza."

"Heh! Bosi, hiyo ni kafala, kama sisi na makafili wetu!"

Alicheka mpaka Ula naye akacheka bila kujua anacheka nini. Halafu akatulia. Akaniambia kwamba akiwa kijana timu ya Amerika ilimchagua, akafunga mizigo, wasimwite. Sasa ana miaka thelathini, na kwenye mchezo huo huo ni umri wa kuanza kuaga. "Velma," akasema, "hizo dakika nane nimezitaka maisha yangu yote." Nilimfurahia jamani. Nilimfurahia kama ndugu yangu.

Ila nilipoenda kukunja nguo, wazo likanijia. Rokas akiondoka, kafili wangu ni nani? Asipohamisha karatasi zangu, napigiwa muhuri wa kutoka, narudi nyumbani. Na binti yangu Lois amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Au niangukie ofisi ya kazi wanipeleke kwa yeyote, nirudi kulala stoo. Nilikaa kwenye kapu la nguo nikahisi baridi, na nje ilikuwa joto la kukaanga yai.

Mtasema, si ungemuuliza tu? Ninyi hamjakaa huku. Huku kafili haulizwi habari za karatasi. Ukimuuliza mapema, kesho yake anakukatia tiketi. Unatafuta kafili mwingine kimyakimya, ukishampata ndiyo unamwambia wa zamani, tena kwa adabu. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa na waliotutangulia, na imetuokoa wengi. Basi nikafanya hivyo hivyo. Nikachukua simu, nikarekodi sauti, nikatuma kundini:

"Wasichana, nani anamjua kafili mwenye utu? Wangu anaenda Amerika kucheza NBA, sahihi ni juma lijalo. Si nyota, msianze kuniomba vitu. Atakaa benchi, kazi yake ni kama yetu tu, kufungulia wengine njia na kuokota kilichoanguka. Lakini huyu mtu, tangu nimjue, hajaniita siku moja bila jina langu. Kama kuna mwingine wa aina yake, aki nipelekeni kwake."

Kundi lina wanawake mia mbili. Mmoja ni Lydia, na Lydia ana kaka yake Nakuru, Victor, ambaye ana ukurasa wa mpira wa kikapu kwenye mtandao. Mnaona inakokwenda.

Wakati huo tulikuwa tumeshuka Jeddah. Klabu ilikuwa na mechi zake za mwisho huko, na Ieva hakupenda kubaki Riyadh peke yake, kwa hiyo tukaenda wote. Jumamosi Mselem akatualika chakula cha mchana kwao. Mselem ni mchuaji wa timu, ndiye anayelikanda goti la Rokas. Ni Mzanzibari aliyezaliwa hapo hapo Jeddah na ana uraia. Mama yake, Bi Nunu, aliingia mji huo mwaka wa sitini na nne akiwa msichana, na Kiswahili chake ukikisikia unaweza kudhani alitoka Unguja jana. Nyumba yao iko Ghulail, kwenye vichochoro ambako maduka yamebanana na kila mlango una mtu wa kumsalimu. Muna, mke wa Mselem, alikuwa ametandika sakafuni, pilau imejaa sinia, na Rokas amekunja miguu yake mirefu hajui aiweke wapi.

"Iweke hapa, mwanangu," Bi Nunu akamwambia kwa Kiswahili, akiupapasa mkeka. "Hapa hapana mwenye kukukanyaga."

Ndipo simu ya Rokas ikalia. Alikuwa wakala wake. Nilimwona Rokas akibadilika rangi. Alipokata akasema imetoka. Mtandaoni, kila mahali, mpaka magazeti ya kwao. Wamarekani wamekasirika, wanasema watafikiria upya.

Kabla hajamaliza, ya Mselem nayo ikalia. Mkubwa wa klabu. Mselem alisikiliza, akasema "naam, naam," kisha akaiweka simu kwenye mkeka polepole.

"Wanasema ni mie," akasema. "Habari imetoka kwa Kiswahili. Nje ya nyumba ya Rokas mwenye kujua ni mie peke yangu, na Mswahili ni mie. Wamenambia nisende tena kazini." Akamgeukia mama yake. "Wallahi, mama, sijafunua kinywa."

"Najua," Bi Nunu akasema. "Nimekuzaa mie."

Jamani! Nilikuwa na tonge mdomoni, halishuki, halirudi. Nikajiambia, Velma, nyamaza. Mselem ni mwenyeji, atapata kazi kwingine. Wewe ukisema, kafili uliye naye anakufukuza leo, na mwingine huna. Na yule mwenye nyumba, ambaye chakula chake ndicho hicho mdomoni mwangu, ameinamisha kichwa mbele ya watoto wake. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Siku hiyo punda nilikuwa mimi.

Nikameza.

"Ni mimi," nikasema. Nikarudia kwa Kiingereza. "Bosi, ni mimi. Si Mselem. Ni sauti yangu."

Nikatoa simu, nikaicheza ile sauti. Ilijaa chumba kizima, na mimi mwenyewe nilijiona mjinga nikijisikia. Rokas akamwomba Mselem amtafsirie. Na Mselem, ambaye nilikuwa nimemfukuzisha kazi, alitafsiri neno kwa neno, hakunipunguzia wala hakuniongezea, mpaka pale kwenye kuokota kilichoanguka, mpaka pale kwenye jina langu.

Nilingoja kelele. Nilishajiandaa, mabega yalishapanda juu. Mtu akishakaa na yule madam wa kwanza, mabega hupanda yenyewe.

Rokas hakuuliza habari za NBA. Aliniuliza, "Unatafuta kafili?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Bosi, kafili haulizwi."

Akamtazama mkewe, na mkewe akamtazama.

"Tumefikiria kiti cha Ula kwenye ndege," Rokas akasema. "Tumefikiria makoti ya baridi. Tumefikiria paka, Velma. Wewe hatukukufikiria."

Ieva akaanza kulia, nami nikalia, na Bi Nunu, asiyejua Kiingereza, akauliza, "Kwani nani kafa?" Tukacheka na machozi yakitutoka.

Rokas akasimama, akagonga kichwa kwenye taa, akapiga simu mbili. Kwa mkubwa wa klabu alisema habari imetoka nyumbani kwake, Mselem ni mtu safi, na asiporudishwa leo yeye hachezi Jumatatu. Kwa wakala alisema hivyo hivyo, imetoka nyumbani kwake. Wakala akataka jina. Nilimsikia, simu ile ina sauti kubwa.

"Andika langu," Rokas akasema.

Zikapita siku tatu ambazo sizitaki tena. Mselem alirudishwa kazini jioni ile ile, lakini Amerika walinyamaza. Daktari waliyemtuma akapima goti, akaondoka bila kusema neno. Mimi nilikuwa napika nasahau chumvi. Siku ya nne wakala akaja mwenyewe Jeddah, na karatasi, na kamera. Wanamtaka. Akasema hata kocha wa kule aliisoma tafsiri ya sauti yangu, akacheka, akasema huyo mama ameieleza kazi vizuri kuliko wao. Sijui kama ni kweli, mawakala mimi nawajua.

Siku hizo tatu nilikuwa nakwenda Ghulail kumsaidia Muna, kwa aibu yangu tu. Bi Nunu miguu imemchoka, hatoki tena. Tulikuwa tunabishana kuhusu kila kitu, kuanzia ugali hadi jinsi ya kukaanga samaki. Siku ya tatu akamwambia mwanawe mbele yangu, "Nyumba hii wote mnakwenda makazini na maskulini. Mie nataka mtu wa kusema naye. Huyu anasema." Mselem akamwambia Rokas. Na Rokas, badala ya kukubaliana naye wakamaliza kama wafanyavyo wanaume, akaja kuniuliza mimi. "Wewe unataka kwenda kwao?" Miaka sita niko nchi hii, nimehamishwa kama kreti ya soda, na hilo swali sijawahi kuulizwa. Ieva akanishika mkono. Nikasema nataka.

Basi siku ya sahihi tulikuwa hotelini, Mselem yupo, mkataba wa NBA uko mezani, kalamu juu yake. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa linangoja chini. Mpiga picha akasema yalla. Rokas akasukuma mkataba pembeni na kutoa simu yake, maana huku mfanyakazi huhamishwa kwa programu ya serikali kwenye simu, akaanza kubonyeza polepole kwa vile vidole vyake vikubwa, akikosea, akifuta, akirudia namba ya ikama yangu. Mselem akabonyeza upande wake. Kisha simu yangu ikalia mfukoni, ujumbe umeingia: kafala inahamia kwa Mselem, je, unakubali?

"Rokas," wakala akasema, "hiyo si unaweza kufanya ukifika? Ndege haingoji."

"Nikishatia sahihi hapo mimi ni mtu wao," Rokas akasema. "Sasa hivi bado ni kafili wake."

Akaniangalia, akangoja. Nikabonyeza ndiyo. Ndipo akachukua kalamu.