Sauti ya Baba kwenye Msiba Wake

Mtu asinidanganye kwamba msiba wa hapa Dodoma hukamilika kwa wali na dua peke yake. Mtani lazima aje avuruge. Mtani wa baba yangu, Jamaldini, alikuwa Mzee Matonya wa Makutupora. Wale wawili walichekesha harusi na misiba ya mji huu toka ujana wao, bila kupanga neno: huyu anaanza, yule anadaka.

Sasa baba amefariki, na Mzee Matonya kaletwa akiwa na kiharusi chake, ulimi hautoi neno. Alikaa mkekani analia tu. Hitima kesho, na hakuna aliyetania. Mama, ndani kwenye eda, hasemi wala haonji chakula. Iliniuma kuliko siku ya kuzika. Mtu aliyechekesha watu wote hao ndiye aondoke kimyakimya hivi?

Nikaenda Chang'ombe kwa Bashiri, muuza kaseti, ambaye marehemu baba yake aliwahi kuwarekodi baba na Matonya wakitaniana.

"Dada Stara, zile? Tangu zije hizi redio za watu binafsi, wateja wanataka muziki mpya. Nimerekodia juu."

Nilimtukana, Mungu anisamehe. Bashiri akapekua maboksi mpaka akaibuka na moja. Baba yake alikuwa ameivunja vile vijino vya plastiki vya mgongoni, na kaseti ikivunjwa vijino hairekodiwi tena. Namshukuru mzee yule mpaka leo, na mwanawe pia.

Baada ya hitima tukawasha redio kaseti uani. Sauti ya Matonya ikaanza: "Marehemu Jamaldini, umevaa koti langu ndani ya sanda. Vua."

Baba, akijifanya maiti: "Vua mwenyewe, mtani. Mimi si nimekufa?"

Uani watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Kwenye kanda nako walicheka sana, mpaka Matonya akakosa la kujibu. Baba akadaka: "Mbona kimya? Mtani wangu akinyamaza ana njaa huyo. Mpeni wali."

Kicheko kikakatika. Mzee Matonya, pale mkekani, akainua sahani yake tupu kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu.

Ndipo mama akasema kutoka ndani, kwa mara ya kwanza tangu tuzike: "Stara, humsikii baba yako? Mpe mtani wake wali. Na mimi nipakulie."