Ushanga wa Karanga

Mutembei, daktari wa mifugo, alimweka mbwa juu ya meza ya jikoni, akampapasa nyonga kwa vidole viwili, halafu akatikisa kichwa.

"Kinanu, huyu asizae. Hapa njia ni nyembamba kama shingo ya chupa. Akipandwa na dume mkubwa, watoto watamshinda kutoa. Mlete Alhamisi ya mwisho wa mwezi kule stesheni ya mifugo nimtoe kizazi. Ijumaa yake napanda lori kwenda Nanyuki, nimehamishwa, na anayekuja nyuma yangu anajua ng'ombe tu."

"Na akiingia joto, akaanza kutaka dume, kabla ya Alhamisi?"

"Akiingia joto simgusi. Damu itakuwa nyingi."

Mama yake Kinanu, Kananu, alikuwa akimenya viazi karibu na moto. Alicheka kwa pua. "Watu wa Isiolo wanakosa dawa ya malaria, mbwa apasuliwe kama bibi wa DC! Daktari, kwani mama yake huyo mbwa alizaliwa hospitali?"

"Mama, mimi nasema ninachoona."

"Na mimi nasema Mungu ndiye anapima tumbo."

Kinanu alikuwa akitazama shingo ya mbwa, mahali palipokuwa na kamba ya ngozi yenye ushanga mmoja mweupe.

Mbwa huyo aliitwa Karanga kwa sababu ya rangi yake, na pia kwa udogo. Mzungu aliyeajiri baba yake Kinanu kama mpishi alimwacha mbwa huyo Isiolo alipofunga mizigo kurudi kwao, na baba huyo, mzee Kiugu, akamchukua ndani ya kikapu cha mboga. Mwaka uliofuata, vita vya waasi walioitwa shifta vikiwa vimeanza kufunga barabara, Kiugu alishikwa na homa njiani akitoka Merti. Lori lilimshusha kwa kuogopa maiti. Aliyemkuta ni Arero, Mborana mfugaji, akampandisha punda siku mbili, akimnywesha maziwa kijiko kwa kijiko, mpaka akamfikisha kwa mkewe, mtaa wa Kiwanjani mjini Isiolo.

Arero alikataa shukrani ya kitu chochote, ila aliketi mlangoni akamtazama yule mbwa mdogo siku nzima.

"Mbwa wangu ni wakubwa, wanalala kama wazee," alisema. "Huyu wako anasikia fisi kabla fisi mwenyewe hajaamua kuja. Kiugu, nipe mtoto wake mmoja alinde zizi langu."

"Uzao wake wa kwanza ni wako wote," Kiugu alijibu.

Basi Arero akamfunga Karanga ushanga, jinsi alivyozoea kumfunga mtamba ambaye ndama wake ameshaahidiwa mtu. Akamwambia Kinanu, aliyekuwa akishika mbwa asirukeruke, kwamba ushanga huo hukatwa na mwenye uzao tu. Mwingine akiukata, amevunja ahadi. Miezi saba baadaye Kiugu alikufa kwa ile ile homa. Wiki ya mwisho alimwita bintiye akamwambia mambo mawili: shamba la Meru ni la mama yako, na ushanga ni wa Arero.

Sasa Arero hakuwepo. Wafugaji wa upande wake walikuwa wamekusanywa na serikali kwenye kijiji kilichozungushiwa miiba huko Garbatulla, na hakuna aliyetoka bila barua ya ruhusa. Kesho yake, baada ya maneno ya Mutembei, Kinanu alimtuma Tache, mama wa Kiborana aliyeuza tumbaku sokoni na aliyepewa barua ya kwenda kumwona dada yake, akamwulize Arero kama ushanga ukatwe mbwa apasuliwe. Tache alipanda malori yaliyosindikizwa na askari. Alikuwa ameahidi kurudi baada ya siku kumi. Zilipita kumi na tano.

Alhamisi asubuhi Kinanu alimtia Karanga ndani ya kiondo, akamfunika na leso, akaenda stesheni. Mutembei alikuwa ameshachemsha kisu. Maji bado yalikuwa yakitoa mvuke kwenye sufuria, na harufu ya dawa ilimfanya Karanga apige chafya mara tatu.

"Mtoe hiyo kamba shingoni," Mutembei alisema akinawa mikono. "Nataka kumfunga mdomo vizuri."

Kinanu alishika ushanga. Fundo lilikuwa limekauka, gumu kama mfupa. Alilishika kwa muda mrefu hivi kwamba Mutembei alimaliza kunawa, akajifuta, akaja akasimama mbele yake.

"Hii kamba haijui udaktari, mtoto wa Kiugu."

"Nangoja mwenyewe aseme. Nimemtumia neno."

"Atasema lini? Mimi naondoka kesho."

"Najua, daktari."

"Basi umeshaamua."

"Sijaamua," Kinanu alisema. "Si yangu kuamua." Akamrudisha mbwa ndani ya kiondo. Mutembei hakumkasirikia. Alimpa kitambaa safi na kichupa cha dawa ya vidonda, akamwambia amfungie ndani siku zake zikifika, hata alie namna gani.

Siku ya nne baada ya lori la Mutembei kuondoka, Karanga aliingia joto.

Isiolo ilikuwa imejaa mbwa siku hizo. Walikuwa mbwa wa mazizini, warefu, mbavu nje. Ng'ombe wao walikuwa wamekwisha na wafugaji wamefungiwa vijijini, basi wakafuata harufu ya kichinjio mpaka mjini. Walizunguka nyumba ya Kananu wakinung'unika. Kinanu alimfungia Karanga jikoni, akawatupia mawe wale wa nje, akalala na mwiko karibu na mlango. Hivyo siku ya kwanza, ya pili, na kadhalika.

Siku ya tisa wengine walitawanyika. Wakampisha mmoja, dume jeusi lenye sikio lililopasuka. Miguu yake ilikuwa inatoa damu. Halikunung'unika. Liliketi nje ya ua, likamtazama Kinanu.

"Gurracha?" Kinanu aliita.

Mkia ukapiga vumbi mara moja.

Alikuwa mbwa wa Arero, yuleyule aliyemfuata punda siku ile baba yake alipoletwa. Kutoka Garbatulla mpaka Kiwanjani kwa miguu! Kinanu aliketi chini. Alimtumia Arero neno, Tache hakurudi, na leo mbwa wa Arero mwenyewe yuko mlangoni, mwezi huu, juma hili.

"Mama, njoo uone. Arero amejibu."

Kananu alitoka, akatazama. Alikuwa mwanamke wa mzaha, lakini safari hii hakucheka. "Kairitu, binti yangu, mbwa hatumwi."

"Amepita askari na simba akaja hapa. Kwa nini hapa?"

"Yule daktari alisema nini kuhusu madume makubwa?"

"Wewe mwenyewe ulisema Mungu ndiye anapima tumbo."

Kinanu alimpa Gurracha ugali na maji, akamwosha miguu kwa ile dawa ya Mutembei. Halafu akafungua mlango wa jikoni kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ya tisa baada ya hapo Karanga alikuwa tumbo tu lenye miguu minne mifupi. Alianza kuhangaika kabla ya mapambazuko, na kwa sababu ya kafyu hakuna aliyeweza kutoka. Kulipokucha Kinanu alikimbia stesheni. Aliambiwa mtu mpya amekwenda kuchanja ng'ombe, atarudi kesho. Akarudi mbio. Mtoto wa kwanza alitoka saa tatu, mweusi, mkubwa, hai. Wa pili alikwama. Kananu alipaka mikono mafuta, akavuta polepole akiomba kwa Kimeru, na alipomtoa alikuwa amekufa. Wa tatu hakutoka kabisa.

Karanga hakulia. Alilamba kiganja cha Kinanu, akapumzika, akalamba tena. Saa saba mchana akaacha.

Walimzika nyuma ya jiko. Kananu alileta kisu akate ushanga, Kinanu akamshika mkono; ushanga ukazikwa naye.

Tache alirudi baada ya siku sita. Barabara ilikuwa imefungwa baada ya lori kulipuliwa na bomu la ardhini, akakaa kule miezi mitatu bila kutaka. Alikuwa amekonda mpaka pete ilikuwa inateleza kidoleni.

"Salaam aleikum, binti wa Kiugu. Usinisogezee hicho kitoto cha mbwa, nina udhu."

"Aleikum salaam, mama. Karibu." Kinanu alimweka mtoto wa mbwa upande wa pili wa mapaja yake, akaendelea kumnyonyesha kwa kitambaa kilicholowa maziwa ya mbuzi.

"Arero anakusalimu. Alinijibu siku ileile niliyofika, ni miguu yangu tu iliyochelewa. Alisema, mwambie akate ushanga. Sina zizi la kulindwa. Asimuumize mbwa mdogo kwa ajili yangu. Neno la baba yake limetimia."

Kitambaa kilikuwa kimekauka. Mtoto alikinyonya tu, akalalamika.

"Na Gurracha?" Kinanu aliuliza. "Alimtuma?"

"Kumtuma? Alimfukuza, mwanangu. Kwa mawe, huku akilia. Hakuwa na cha kumpa, na yule mbwa hakutaka kwenda." Tache akatazama ua, akaona dume jeusi limelala chini ya mti wa mchongoma. Akaelewa nusu. Akatazama nyuma ya jiko, penye udongo mpya, akaelewa iliyobaki.

"Wallahi," alisema polepole.

Kananu alileta chai, akaiweka, akaondoka bila mzaha.

"Nitakwenda tena barabara ikifunguliwa," Tache alisema mwishowe. "Ataniuliza. Nimwambie nini?"

Kinanu alichovya kitambaa ndani ya maziwa, akakirudisha mdomoni mwa mtoto.

"Mwambie nimeukata."

"Na huyu?"

"Huyu ni wake. Lakini usimtaje, mama. Mpaka siku atakayokuwa na zizi tena, aulize mwenyewe."