Tenisi ya Nyasi na Tenisi ya Udongo Pale Izigo

Mwalimu Karugendo wa Izigo alirudi kutoka vitani mwaka 1979 akiwa na raketi mbili za tenisi. Wenzake wa mgambo walirudi na redio, na mmoja aliingia kijijini na godoro kichwani. Yeye raketi zake alizipata kwa kumpa viatu vyake mzee mmoja wa Masaka, ng'ambo ya mpaka. Mkewe, Paskazia, alimuuliza mara moja tu raketi zinapikwaje, kisha akaacha kuuliza.

Tenisi alijifunza ujanani kule Kashozi, kwa padre aliyekuwa na uwanja wa udongo nyuma ya nyumba yake. Kwa miaka saba alicheza na ukuta wa shule, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine aliyejua mchezo huo. Ndipo akahamishiwa pale tabibu mpya wa zahanati, Mushumbusi, mtu mrefu aliyewahi kupelekwa Uingereza kwa kozi ya miezi mitatu. Karugendo alifurahi sana kusikia kwamba tabibu anacheza. Furaha ilidumu siku mbili, mpaka walipofika kwenye suala la uwanja.

Mushumbusi alikuwa ameona tenisi ya nyasi kwa macho yake. Alisema kwenye nyasi mpira unateleza kama samaki mkononi, na mtazamaji akipepesa macho amekosa kila kitu. Tenisi ya udongo, alisema, inawafaa watu wanaosubiri maharage yaive. Karugendo alimjibu kwamba jambo linalokwisha kabla hujalielewa si mchezo, ni ajali. Mpira wa udongo unaruka juu, unampa mtu nafasi ya kuukimbilia, na anayetazama anapata muda wa kutumaini.

Miaka ile ule ugonjwa mpya usio na dawa ulikuwa umeshika, na watu walizika karibu kila wiki. Msibani ndiko wawili hawa walikokutana, kwa hiyo msibani ndiko walikobishania tenisi. Jumamosi moja ya mwaka 1988 walizika kwa Bibi Kokwijuka, mjane, mtoto wake wa pili ndani ya mwaka mmoja. Baada ya maziko wanaume waliketi uani. Wawili wale wakaanza kwa kunong'ona, wakajisahau, na sauti zikapanda mpaka ndani kwa wanawake.

Kokwijuka akatoka, akasimama mbele yao. Karugendo alitamani ardhi immeze, na Mushumbusi akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Lakini mama yule aliwauliza tu kama huo mchezo wao unaweza kutazamwa hapa Izigo, au mpaka mtu apande ndege. Karugendo akasema unaweza, waitu, kwa heshima ya Kihaya.

"Basi tuonyesheni," alisema Kokwijuka. "Mwaka mzima huu nimekaa nikimtazama mtu aliyelala. Nataka kumtazama mtu anayekimbia."

Hakuna aliyethubutu kukataa. Walikubaliana kucheza Jumapili ya tatu baada ya hapo, seti moja kwenye nyasi na moja kwenye udongo, na Kokwijuka aseme ipi inasisimua. Mushumbusi aliwapata vijana wa kufyeka kipande cha rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya migomba. Karugendo alivunja kichuguu kizima nyuma ya shule, akautwanga udongo wake, akaumwagia maji na kuubingirishia pipa lililojaa mawe. Wavu waliupata kwa wavuvi wa visiwa vya ziwani. Ulikuwa wavu wa sangara, na ulinuka hivyo. Nyuzi za raketi zilizokatika zilifungwa kwa nailoni ya ndoana.

Siku ilipofika, misa ilipokwisha tu walianza kwenye nyasi. Mushumbusi alipiga mpira wa kwanza, ukagusa chini, haukuinuka. Wa pili vilevile. Karugendo alikuwa akiinama kuutafuta wakati tayari umempita. Naye alipopiga wake, nao haukuinuka. Seti ilikwisha sita kwa mbili, na Mushumbusi akainua mikono juu. Wanawake waliochelewa kanisani walifika wakauliza mchezo unaanza saa ngapi. Kokwijuka alikuwa bado anatafuta pa kuweka kigoda chake.

Saa nane mchana wakahamia kwenye udongo. Gemu ya kwanza peke yake ilichukua nusu saa. Mpira ulikwenda, ukarudi, ukaenda. Watu wakaanza kuhesabu kwa Kihaya, wote kwa pamoja, na mara moja walifika arobaini na tatu kabla wavu haujaumeza. Mushumbusi, aliyekuja amevaa nyeupe tupu, alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka masikioni. Ilipofika saa kumi watu walikuwa wameagiza rubisi, pombe ya ndizi, na wanawake wamewasha moto na kuanza kumenya ndizi.

Hapo ndipo alipopita Datius, mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, na baiskeli yake. Aliona umati umeketi chini, moto unawaka, na mama mjane yuko mbele. Akashuka, akavua kofia, akaenda kwa Kokwijuka akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole na samaki mmoja. Kisha akaketi kati ya wanaume na kuuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki.

"Hakuna," aliambiwa. "Leo hakuna. Nyamaza, ni gemu tano kwa tano."

Datius alitafakari, akamtazama samaki wake aliyekwishakabidhiwa, akaamua kubaki.

Walimaliza jua likishuka. Karugendo aliupiga mpira wa mwisho ukaenda migombani, na Mushumbusi akashinda saba kwa tano. Wote wawili walilala pale pale udongoni. Mushumbusi alipopata pumzi alimwomba Kokwijuka atoe hukumu, huku akimkumbusha kwamba yeye ameshinda kote kuwili.

"Umeshinda, waitu," alisema Kokwijuka. "Ila ya asubuhi siikumbuki. Hii ya jioni, tangu nilipoketi sijawaza jambo jingine lolote. Hata sasa nilikuwa sitaki mmalize."

Tabibu aliinuka, akajipangusa udongo. Akamsaidia Karugendo kusimama, wakaenda kula ndizi na samaki wa Datius.

Jumapili iliyofuata watu walikuja na vigoda vyao bila kualikwa. Mara moja Mushumbusi alijaribu kuwarudisha rweya. Walikwenda wanne, na mmoja wao alikuwa amekuja kukata nyasi za kuezekea. Mushumbusi akarudi kwenye udongo. Karugendo hakuwahi kumshinda hata seti moja, na Paskazia, mkewe, alikuwa wa kwanza kuwahi nafasi mbele. Tabibu hakuacha kusema kwamba tenisi ya nyasi ndiyo tenisi yenyewe. Aliyasema hayo kila Jumapili, mwekundu mpaka magotini, akisubiri mpira urudi.