Jicho la Kushoto la Chizuru

Asubuhi ya Jumamosi, siku moja kabla ya pambano, Chizuru Onodera alifumba jicho la kulia na kuitazama kalenda ya ukutani kwa jicho la kushoto. Kwa wiki tatu sasa alikuwa akifanya hivyo kila alipoamka, kama mtu anayekibonyeza kidonda ili ajue kama bado kinauma. Juzi kivuli kilikuwa kimefunika safu ya Jumapili peke yake. Leo kilikuwa kimeshakula Jumatatu na Jumanne.

Alifumbua jicho la kulia upesi, akaenda kuosha uso.

Daktari wa macho kule Yokohama hakuwa amemficha kitu. Alimwambia kwamba ngozi nyembamba ya ndani ya jicho ilikuwa ikibanduka taratibu, kwamba ilitakiwa ishonwe wiki ileile, na kwamba akipigwa ngumi moja ya sawasawa jicho lingeweza kuzimika kabisa. Chizuru aliinamisha kichwa, akashukuru, akapangiwa tarehe ya upasuaji. Kesho yake akapiga simu kuisogeza mbele. Hakumwambia mtu. Hakumwambia mama yake, wala Kajiwara, kocha wake wa miaka kumi na mitatu, ambaye kila jioni alikuwa akivaa pedi mikononi na kumpiga nazo makofi ya kichwa ili ajifunze kukwepa.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alianza na judo shuleni, kisha akajiunga na kundi la mieleka ya wanawake, ile ambayo mshindi hupangwa kabla watu hawajaingia ukumbini. Mwaka 1995 alitokea promota aliyetafuta wanawake wa kupigana kwelikweli, ngumi, mateke na kabali, bila kupangiwa chochote. Katika kundi zima mkono uliopanda ulikuwa wake tu. Akapewa Mholanzi aliyemzidi kilo thelathini. Mholanzi yule alimkalia kifuani akamtwanga mpaka jino likatoka, lakini Chizuru aliung'ang'ania mkono wake mmoja, akaukunja kiwiko kinyume, hadi yule mama akapiga sakafu kusalimu amri. Kesho yake gazeti liliandika mistari minne. Miwili ilihusu nywele zake.

Miaka minane iliyofuata ilikuwa ya kuomba nafasi. Mapromota walifilisika, wengine wakaghairi siku mbili kabla. Aliwahi kupigana mbele ya watu themanini kwenye ghala la soko la mboga, harufu ya vitunguu ikimwingia puani kila alipolazwa chini. Na sasa, Aprili 2003, kwa mara ya kwanza pambano la wanawake liliwekwa la mwisho, juu ya mapambano yote ya wanaume, katika ukumbi wa watu elfu mbili jijini Tokyo.

"Nimegombana na watu wengi kwa ajili yako, Onodera," Sakazume, promota wa safari hii, alikuwa amemwambia. "Likiharibika lolote, mtu asiniletee habari za wanawake tena."

Ndiyo maana hakuwa amemwambia mtu.

Upimaji wa uzito ulifanyika saa tano asubuhi. Alipanda mizani, akateremka, uzito sawa. Kisha akaenda kwenye meza ya Daktari Mizoguchi, mzee mpole mwenye koti lililoisha kwenye viwiko. Ukutani palikuwa na karatasi ya viduara vyeusi vilivyokatika upande mmoja, na kazi ya mpimwaji ni kusema mwanya uko upande gani.

"Ziba la kulia," mzee alisema, akampa kijiko cheusi cha kuzibia.

Chizuru alikiweka. Karatasi ikageuka ukungu. Lakini wiki mbili kabla alikuwa amemsindikiza mwenzake kupimwa hapohapo, akasimama karibu na karatasi hiyo na kuukariri mstari wa pili kutoka chini.

"Kulia," alisema. "Juu. Kushoto. Chini. Chini. Kulia."

Mpini wa kijiko uliteleza kwa jasho la kiganja chake. Chizuru alisikia kalamu ikikwaruza, asijue inaandika nini.

"Macho ya tai," mzee alisema. "Haya, mwingine!"

Alitoka ukumbini kwa haraka, akiwa bado anahesabu moyoni, juu, kushoto, chini, kana kwamba mtu angemfuata amuulize tena. Hakumwona msichana aliyekuwa amesimama upande wa kushoto wa mlango. Alimgonga begani, kopo la chai likaanguka na kumwagika sakafuni.

"Samahani sana, dada! Kosa langu!"

Alikuwa Rinka Hatakeyama, mpinzani wake wa kesho, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Niigata, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umeshawalaza wanawake watano. Aliinama hadi nywele zikagusa magoti.

"Nilikuwa nimekunyooshea chai, dada. Nilidhani umeiona."

"Nilikuwa na mawazo."

"Nilitaka tu kukusalimu. Nilikuwa na miaka kumi na minne ulipompiga yule Mholanzi. Nilirekodi kwenye kanda, nikaitazama mpaka ikakatika. Bila wewe mimi ningekuwa nauza samaki na shangazi." Alicheka kidogo, kisha akaacha. Macho yake yalikuwa yakimtazama Chizuru kwa namna ya kupima. Polepole aliinua mkono wake wa kulia, kama anayerekebisha nywele, akausogeza pembeni ya uso wa Chizuru.

Chizuru hakupepesa. Hakuuona mpaka ulipofika karibu na pua.

"Dada," Rinka alisema kwa sauti ya chini, "jicho lako..."

"Jicho langu lina nini?"

"Hapana. Hakuna kitu."

Siku nzima Chizuru hakuweza kula. Alijaribu donge la wali lenye plamu ya chumvi, akalirudisha mezani. Msichana yule angesema? Angemwambia Sakazume, au yule mzee mwenye koti bovu? Au angenyamaza, halafu kesho ailenge pembe ileile ambayo Chizuru hakuweza kuilinda? Katika mapigano hiyo si dhambi. Chizuru mwenyewe alishawahi kumpiga mtu kwenye mbavu alizojua zimevunjika.

Jumapili, kabla ya saa sita mchana, ukumbi ulikuwa umejaa. Mama yake, Fusae, aliyeuza viazi vya kukaanga Kawasaki na ambaye kwa miaka yote minane hakuwahi kukanyaga ukumbi wa mapigano, aliingia chumba cha kubadilishia akiwa amevaa koti la sherehe.

"Nimekuja," alisema, kama mtu anayekiri kosa. "Nikifumba macho usinicheke, Chizu. Nitakuwa nasikiliza."

"Mama, ungebaki tu nyumbani."

"Nimeshafunga duka. Unataka nirudi nikakae na mafuta ya moto peke yangu, nikiwaza?"

Kajiwara alimfunga bandeji za mikono, akamtazama usoni. "Mbona unageuzageuza shingo hivyo?"

"Nililala vibaya, Kocha."

"Kwa wiki tatu?"

Hapo wakaitwa.

Kengele ilipolia, Chizuru aliinua mkono wa kushoto juu kuliko kawaida na kungoja. Aliujua mkono wa kulia wa Rinka kutoka kwenye kanda za video, jinsi bega lilivyozama kidogo kabla haujatoka. Lakini sasa bega lenyewe lilikuwa ndani ya kivuli. Ngozi ya shavu lake la kushoto ilikuwa ikiungoja. Kila sekunde ilikuwa inaungoja. Aligeuka, akazunguka, akarusha teke ambalo halikufika, na mkono haukuja.

Rinka alimpiga tumboni kwa kushoto. Akampiga teke la paja. Mkono wa kulia ulibaki umegandishwa kidevuni.

"Kulia, Rinka! Tumia kulia!" kocha wa msichana alikuwa akipiga kelele. Watu waliokaa juu wakadakia. "Kulia! Umelala?"

Dakika ya tatu Chizuru alielewa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Alimvamia, akamkumbatia, wakasukumana kwenye kamba, kichwa kwa kichwa.

"Piga," alimnong'oneza.

"Siwezi, dada."

"Nitakuchapa wewe."

"Nichape."

Chizuru alimwinua, akamwangusha chali. Kazi ya chini haihitaji macho, mwili wake uliijua gizani. Aliuchukua mkono, akaupitisha katikati ya mapaja, akavuta. Kiwiko kilianza kunyooka. Alisikia pumzi ya Rinka ikikatika na vidole vikitafuta sakafu ya kupiga. Zilibaki sentimita chache na ushindi ulikuwa wake, pambano la mwisho, ukumbi wa elfu mbili, mama kwenye kiti. Na msichana huyu, aliyeitazama kanda mpaka ikakatika, angerudi Niigata na kiwiko kilichoteguka kwa sababu alikataa kumpofusha mtu.

Kama angevuta au angeachia, hajui mpaka leo. Kengele ililia.

Alirudi kwenye kona yake na kukaa kwenye kigoda.

"Umempata!" Kajiwara alisema, akimkandika barafu shingoni. "Nenda chini palepale, mara moja tu!"

"Kocha, tupa taulo."

"Nini?"

"Jicho la kushoto halioni. Linabanduka ndani. Daktari ameshaniambia."

Barafu ilisimama. "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu!" Sauti yake ilipasuka. "Mimi nimekupiga makofi ya kichwa wiki tatu, mikono yangu hii! Ungeniambia kesho ukishakuwa kipofu?" Alilivuta taulo begani kwake, akalirusha bila kutazama, likaangukia kwenye kamba, refa akalazimika kuja kulichungulia ndipo akaelewa kwamba wamesalimu amri.

Ukumbi ulizomea. Chupa tupu ya plastiki ilirushwa ulingoni. Sakazume alisimama, akaitazama kona ile kwa muda mrefu, kisha akatoka. Rinka aliinuliwa mkono kama mshindi, naye alikuwa analia kama aliyefiwa. Fusae alipita katikati ya walinzi na koti lake la sherehe, mdogo kuliko wote, akafika kwenye kamba.

"Umeumia wapi? Chizu! Wapi?"

"Mama, sioni vizuri."

Alifanyiwa upasuaji kesho yake. Walimwekea hewa ndani ya jicho ili iisukume ngozi irudi mahali pake, na kwa siku kumi akalazimika kulala kifudifudi, uso kwenye tundu la mto, mama yake akimnywesha mchuzi kwa mrija kutoka chini kama anayetengeneza gari. Siku zile hakuwa na la kufanya ila kutazama vigae vya sakafu kwa jicho moja na kuwaza kwamba amewafungia mlango wanawake wote aliowahi kuwafungulia. Bandeji ilipotolewa, jicho liliona tena, ila mistari iliyonyooka liliiona imepinda, na nyuso za watu zilikuwa kama zimeandikwa kwa maji. Daktari alisema hiyo ni bahati. Kupigana, basi.

Onyesho lililofuata la Sakazume halikuwa na mwanamke hata mmoja.

Mwezi Juni alichukua boksi la keki za maharage, akaenda kwa Daktari Mizoguchi. Chama cha mapigano kilikuwa kimempa mzee huyo onyo kwa maandishi. Chizuru alipiga magoti mlangoni na kuinama mpaka paji likagusa ubao.

"Niliikariri karatasi yako. Nilikuharibia jina."

Mzee alipokea boksi kwa mikono miwili. "Anayeona husita," alisema. "Huuliza, hiki ni juu au kushoto? Wewe hukusita hata kidogo. Nilidhani ni ujasiri." Hakusema amemsamehe. Alimwambia tu kwamba ameacha kazi ya ulingoni, na kwamba mvua inakuja, awahi treni.

Rinka alimwandikia barua nne. Chizuru alijibu ya nne kwa simu.

"Ulinihurumia mbele ya watu elfu mbili."

"Ningekupiga ungepofuka, dada."

"Hilo lilikuwa juu yangu, si juu yako."

"Basi nikasirikie. Kasirika kabisa. Nitapokea simu hata kila siku."

Alikasirika kweli, karibu miezi miwili. Halafu siku moja alijikuta akimweleza kwamba mguu wake wa nyuma huwa umekaa vibaya anaporusha teke, na simu ikachukua saa nzima.

Februari iliyofuata promota mwingine, mgeni katika kazi hiyo, aliweka pambano moja la wanawake katikati ya orodha, mchana, kwenye ukumbi mdogo Niigata, theluji ikiwa imefika madirishani. Rinka alimwomba Chizuru akae kwenye kona yake. Mpinzani alikuwa Mmarekani mrefu mwenye mabega ya mwogeleaji.

Chizuru alichagua upande ambao jicho lake zuri lingeona ulingo wote. Alikuwa amezoea woga wake mwenyewe, alijua unavyokaa tumboni na unavyoondoka ngumi ya kwanza ikishatua. Huu haukuwa ule. Huu hakuwa na pa kuupeleka. Rinka aligeuka kumtazama, kinga ya meno mdomoni, akamwitikia kwa kichwa.

"Inua mkono," Chizuru alisema. "Juu zaidi. Juu, mdogo wangu!"

Kengele ililia. Chizuru alizishika mbao za ulingo kwa mikono yote miwili, na pumzi aliyokuwa ameivuta hakuiachia.