Pampu Isiyo na Mapanga

Umeme ulikatika mchana kweupe, na mashine zote nne za kusafishia damu zikapiga kelele kwa pamoja. Fundi pampu, aliyekuwa kando ya kitanda cha mkewe akimpepea kwa kofia, alisubiri jenereta ingurume. Haikunguruma. Betri za akiba zikajikokota kidogo, kisha nazo zikazima.

Damu ya mkewe ilikuwa imesimama mirijani, nje ya mwili wake. Ikikaa humo itaganda, na ikiganda haimrudii. Naye hakuwa na damu ya kupoteza. Daktari alishawaambia imepungua mno.

"Kila mashine ina mkono wa kuzungushia," muuguzi alisema, tayari ameinama kwa bibi wa kitanda cha kwanza. Alikuwa peke yake. "Nitawapitia mmoja mmoja. Shemeji, usiguse kitu mpaka nije."

Asiguse? Yeye aliyekula na kulala na pampu tangu ujanani, hata mkewe akaziita mke mwenza? Siku ya kwanza walipofika hapa aliichungulia ile ya mashine akacheka: "Pampu gani hii, haina hata mapanga?" Zake zilikuwa na gurudumu la mapanga ndani ya kasha, likizunguka kwa kasi, maji hurushwa pembeni yakapanda bombani, na mengine huvutwa katikati kujaza nafasi. Hii ilikuwa na rola mbili tu, zinazoubana mrija wa plastiki na kuukamua, kama unavyokamua ng'ombe.

Alimtazama muuguzi: bado yuko kwa bibi. Akaitazama damu, akaiona inakuwa nyeusi. Akaupachika ule mkono, akaanza kuzungusha.

Mwanzo ulikwenda kwa urahisi. Kisha ukawa mzito. Mkewe akafumbua macho.

"Taratibu, baba."

"Nakurudishia damu yako, mama. Tulia."

Uzito ule haukumshtua, na hapo ndipo penye msiba wake. Pampu ya mapanga ukiifungia njia ya kutokea haikupigi vita. Inayakoroga maji mle mle, yanapata joto, nawe una nafasi ya kufikiri. Mara ngapi alifunga vali huku mota inazunguka, akaenda kunywa chai? Pampu ya kukamua haina huruma hiyo. Kila mzunguko unasukuma kipimo kilekile, kuwe na njia kusiwe na njia. Na njia haikuwepo. Umeme ulipokatika, koleo dogo chini ya mashine lilijifunga lenyewe juu ya mrija unaorudisha damu mwilini, na mrija huo lazima utolewe hapo kwa mkono kabla ya kuzungusha chochote. Ndicho alichokuwa anakuja kufanya muuguzi.

Fundi akakaza mkono. Mrija ukachomoka kwenye chujio la kusafishia damu, damu ikamrukia kifuani, ikatapakaa shukani na sakafuni. Akazikamata ncha, akamwita muuguzi kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Laiti lingekuwa guu lake.

Muuguzi alifika mbio, akabana mirija huku na huku. Aliitazama sakafu, kisha kile kidogo kilichobaki mirijani.

"Hii haiwezi kumrudia tena," alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja niulize kama kuna damu ya kumwongeza."

"Na kama haipo?"

Muuguzi alikuwa ameshashika simu.

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. Alijichukia kwa namna ambayo hakujua mtu anaweza kujichukia. Midomo ya mkewe ilikuwa imepauka, na macho yamefumba.

"Imerudi yote?"

"Yote."

Mkono wa mkewe ukapapasa shuka, ukapanda, ukafika kwenye shati la mumewe.

"Mbona umelowa?"

"Maji tu."

"Wewe na maji yako." Alitabasamu kidogo. Vidole vikabaki palepale, vikisikiliza. "Mbona ya moto?"

Fundi aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akajaribu kuupasha joto.